Fahamu: Kwa nini fainali ya BAL bado iko mbali na Haut-Katanga

Tangu Ligi ya Kikapu Afrika (BAL) ianze mwaka 2021, mabingwa watano wa kwanza ni Zamalek, US Monastir, Al Ahly, Petro de Luanda na Al Ahli Tripoli: wanne wa Afrika Kaskazini, mmoja wa Angola. Kwa mpenzi wa kikapu wa Likasi, jimboni Haut-Katanga nchini DRC, somo ni wazi: kombe hufuata klabu zilizojengwa kwa miaka mingi. Wapo watakaosema tunakosa vipaji. La hasha: Bismack Biyombo, aliyefika NBA, alizaliwa Lubumbashi, jimboni humuhumu, na klabu ya Espoir Fukash ya mji huohuo ilicheza BAL mwaka 2022, ingawa iliishia hatua ya makundi. Vijana tunao, tunachokosa ni ligi ya jimbo iliyo imara, kila msimu.