Suluhu Yenye Masharti Batili: Je, Fedha Zako Bado Zadaiwa?

Mteja aliyeuziwa jokofu bovu jijini Nairobi anaahidiwa kwa maandishi kwamba atarejeshewa shilingi 38,000 kwa awamu mbili, naye alirudishe jokofu. Chini ya ahadi hiyo muuzaji ameongeza mengine: mteja ameachilia haki zake zote za kisheria, na akilalamika popote atamlipa muuzaji shilingi 500,000. Awamu ya kwanza inalipwa. Ya pili inapodaiwa, muuzaji anageuka na kusema kwamba makubaliano yote ni batili kwa kuwa yana masharti yasiyokubalika kisheria. Masharti hayo, ikumbukwe, aliyaandika yeye mwenyewe.

Hoja hiyo isimtishe mteja. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inaeleza kwamba haki inazompa mtumiaji hubaki palepale hata akiwa ametia saini ya kuziacha. Zile shilingi 500,000 nazo ni adhabu isiyolingana na hasara yoyote, na mahakama hazitekelezi adhabu ya namna hiyo.

Swali ni hili: masharti hayo yakifutwa, je, yaliyosalia yanatekelezeka bila mahakama kuwaandikia wahusika mkataba mpya? Hapa panasalia kiasi cha fedha, tarehe za malipo na kurudishwa kwa jokofu. Hiyo ndiyo suluhu yenyewe, na muuzaji anaweza kuamriwa kulipa. Hali ni tofauti pale fedha zinapotolewa ili mteja asiripoti kosa la jinai kwa polisi. Hapo uharamu umo katika kiini cha mapatano, na kufuta maneno machache hakuyaokoi.

Usiyakate masharti kwa kalamu yako, wala usitie saini karatasi nyingine kwa haraka. Timiza upande wako kwanza: rudisha jokofu na udai stakabadhi. Kisha mwandikie muuzaji, ukitaja kiasi kilichosalia na tarehe iliyopita. Asipolipa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Katika hati ya madai, taja pia mauzo ya awali kuwa msingi wa pili, iwapo suluhu itakataliwa.

Ikiwa suluhu ilikwisha kuandikishwa mahakamani kuwa amri, huhitaji kesi mpya. Omba amri hiyo itekelezwe. Vinginevyo, madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu ahadi ilipovunjwa.