Amplifaya ya valvu: kabla mzazi hajalipa, aulize ina wati ngapi

Kijana aliyeanza kupiga gitaa la umeme kwenye kwaya au bendi ya shule huridhika kwa muda na amplifaya ndogo ya dukani. Baadaye huleta ombi jingine nyumbani: anataka amplifaya ya valvu, iliyotengenezwa na fundi kwa oda, yenye sauti nene kama anayoisikia kwenye rekodi za zamani.

Mazungumzo mengi huishia kwenye bei. Swali linalogusa afya ya mtoto ni jingine, na linapaswa kujibiwa kabla fundi hajashika hata waya mmoja: itakuwa na wati ngapi?

Utamu unaokuja na kelele

Waliokulia kwenye nyumba yenye redio ya valvu wanakumbuka ilivyokuwa: inawashwa, kimya, halafu sauti inaingia taratibu. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, na sharti ipate moto ndipo ifanye kazi. Redio ziliachana nazo transista zilipoingia, lakini wapiga gitaa wengi walizing'ang'ania. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake, sauti haikatiki ghafla. Hunenepa na kukwaruza kidogo. Mpigaji akigusa waya taratibu inasafika, akigonga kwa nguvu inanguruma.

Tatizo liko hapo hapo. Katika amplifaya nyingi za muundo wa zamani, utamu huo hautoki mpaka sauti iongezwe karibu na mwisho. Kijana anayeongeza sauti kiasi hicho hafanyi utundu. Anatafuta kile alichonunuliwa.

Mashindano ya ukubwa yalianza zamani. Mwaka 1962, katika duka la Jim Marshall magharibi mwa London, vijana waliokuwa wakimfanyia kazi walitengeneza amplifaya kwa kuiga ya Kimarekani, Fender Bassman. Miaka michache baadaye Pete Townshend wa kundi la The Who alitaka kubwa zaidi, na zikatengenezwa za wati 100. Townshend huyo huyo amezungumza hadharani kuhusu usikivu wake ulioharibika na mlio usioisha masikioni. Yeye amelaumu zaidi hedifoni alizovaa studio, jambo ambalo mzazi anayedhani hedifoni ndizo dawa ya kelele za sebuleni anafaa kulijua.

Hesabu ya wati tano

Wati tano zinasikika kama kitu cha kuchezea, hata balbu ya chumbani huenda inazidi. Lakini spika nyingi za gitaa za inchi 12 ni kali mno: wati moja tu hutoa takriban desibeli 97 hadi 100 kwa mtu aliyesimama mita moja mbele yake. Wati tano huongeza desibeli saba juu ya hapo.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza mfanyakazi mzima asizidishe saa nane kwa siku kwenye kelele za desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni dakika 15. Desibeli 106 ni chini ya dakika nne, muda wa wimbo mmoja. Kwa watoto wanaosikiliza muziki kwenye vifaa vyao, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kiwango cha chini zaidi: desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki.

Kushuka kutoka wati 100 hadi 50 nako hakumwokoi mtu. Kunapunguza desibeli tatu tu, tofauti ambayo jirani hataitambua sana.

Kinachoharibika ni seli zenye vinywele vidogo ndani ya sikio, takriban 15,000 kila upande. Binadamu akizipoteza haziwi mpya tena. Mara nyingi huanza kuondoka zile za sauti nyembamba, zinazomsaidia mtu kutofautisha 's', 'f' na 'th'. Mtoto bado anasikia akiitwa, ila maneno yanamfikia yakiwa nusu nusu, hasa darasani penye kelele. Nyumbani huonekana mkaidi au asiye makini, na pengine ameshagombezwa mara kadhaa kabla mtu hajafikiria masikio.

Dalili ya mapema ni mlio masikioni baada ya mazoezi, au kuhisi kama masikio yamezibwa pamba. Hata ukiisha kufikia asubuhi, ulikuwa onyo. Ukiendelea, apelekwe kwa wataalamu wa masikio, pua na koo akapimwe usikivu.

Faida ya kutengenezewa

Hapa ndipo oda inapoipita ya dukani. Fundi anayejua kazi anaweza kutengeneza ya wati moja au pungufu, ambayo valvu zake hufika kwenye ule utamu bila kutikisa nyumba. Anaweza pia kuweka swichi ya kupunguza nguvu, au kuchagua spika isiyo kali. Spika ya desibeli 90 badala ya 100 ni sawa na kuzigawa wati kwa kumi, na huenda ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Mkao nao una maana. Amplifaya ikiwekwa sakafuni hupiga magotini, mpigaji hasikii vizuri, anaongeza. Iinuliwe kwenye kiti na kulazwa kidogo nyuma ielekee kichwani kwake, mara nyingi atapunguza mwenyewe. Pamba masikioni haisaidii sana. Vipo vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuikoroga.

Umeme uliojificha

Valvu za amplifaya ya gitaa mara nyingi huendeshwa kwa volti 300 na zaidi, kuliko soketi ya ukutani yenye 230. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa, kwa hiyo kijana asiifungue kwa kufuata video. Fundi aulizwe kama ameweka rezista ya kuumaliza umeme huo, fyuzi, na plagi ya pini tatu yenye ethi.

Ethi isikatwe ati kwa sababu amplifaya inavuma. Nyaya za gitaa zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya, na kijana amezishika kwa vidole. Mwaka 1976 Keith Relf, mwimbaji wa zamani wa kundi la Yardbirds la Uingereza, alifariki nyumbani kwake kwa shoti ya umeme akipiga gitaa ambalo halikuwa na ethi ya uhakika.

Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, fundi aombwe pia kuweka wavu wa chuma nyuma ya kasha. Valvu kubwa hupata joto la kuunguza ngozi, na hubaki za moto dakika kadhaa baada ya kuzimwa.