Mdudu Mgeni Akipewa Jina la Mwenyeji

Mwaka 2017 nilikuwa viungani mwa Oyugis, katika Kaunti ya Homa Bay, nikikusanya msamiati wa wakulima. Mama mmoja alinipeleka kwenye shamba lake la mahindi. Majani yalikuwa yametobolewa ovyo, na ndani ya moyo wa kila mmea mlijaa kinyesi mithili ya vumbi la mbao. “Ni wale viwavijeshi wa zamani, mwalimu,” akaniambia bila wasiwasi. “Watapita tu.”

Hawakupita. Viwavijeshi aliowajua mama yule huja kwa makundi msimu wa mvua, hula na kutoweka. Huyu alikuwa mgeni kutoka bara la Amerika, aliyeripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuthibitishwa hapa Kenya mwaka uliofuata. Nondo wake huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja, naye akishafika kwenye joto kama letu, hakai msimu mmoja tu, hulowea.

Mimi si mtaalamu wa wadudu. Lakini kama mwanaisimu, nilitambua kosa lililokuwa la lugha. Mgeni alikuwa amevikwa jina la mwenyeji, na jina lile likamtuliza mkulima wakati alipopaswa kushtuka. Neno “vamizi” liliongezwa baadaye, mahindi yakiwa yamekwisha kuliwa.

Linganisha na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi. Mjaluo yeyote mkulima analijua kwa jina na kwa sura, hivyo jirani humwonya jirani.

Naam, wanasayansi wetu hawajalala. Hulinganisha hali ya hewa ya kwetu na ya huko atokako mdudu ili kubashiri atakapostawi, na hutega mitego yenye harufu ya nondo jike ili kuwanasa madume. Kule Mbita, watafiti wa kituo cha icipe walibuni kilimo cha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi maalumu pembezoni. Mbinu hiyo ilikusudiwa bungua wa mabua na kayongo, kisha ikabainika kuwa humpunguza hata mvamizi huyu.

Hata hivyo, mitego ni michache, ilhali macho ya wakulima yamo katika kila shamba. Macho hayo yanahitaji maneno. Hapana budi kila tahadhari itolewe kwa Kidholuo, Ekegusii na Kiswahili, ikiwa na jina la pekee na alama zinazoonekana: herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini, ndugu msomaji, nani atauziba ufa asioweza kuutaja?