Kwa nini sodiamu huandikwa Na? Jibu limo katika magadi

Kila mwaka, somo la kemia isokaboni linapoanza, yaani kemia ya metali, chumvi na madini, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: “Profesa, mbona sodiamu inaandikwa Na, si So? Na potasiamu imetoa wapi K?” Wengi wao huko walikotoka waliambiwa wakariri tu. Mimi huwaambia: hebu tuanzie jikoni.

Wapishi wa Kenya wanayajua magadi. Kunde au mrenda ukikaidi kulainika, hutiwa kidogo tu na mambo yakawa sawa. Magadi haya huchimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Wamisri wa kale nao walikuwa na yao, waliyoyapata katika bonde la Wadi El Natrun, magharibi mwa delta ya Mto Nile, wakayatumia kukaushia maiti. Jina lao la chumvi hiyo lilipitia kwa Wagiriki, na hatimaye wanakemia wakaunda neno la Kilatini “natrium”. Hiyo ndiyo asili ya Na.

Sasa tazama ramani. Ng’ambo ya mpaka, nchini Tanzania, jirani ya Ziwa Magadi, kuna Ziwa Natron. Kumbe maziwa haya mawili yana jina moja kwa lugha mbili!

Jina “sodiamu” lilikuja na Humphry Davy wa Uingereza mnamo 1807, alipoitenga metali hiyo kwa kupitisha umeme katika soda kali iliyoyeyushwa. Mwaka uo huo aliitenga potasiamu pia. Herufi K inatokana na “kalium”, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu majivu ya mimea. Neno “alkali” ni la ukoo huo huo. Akina mama wa magharibi mwa Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi: wao huchoma maganda ya maharagwe, huyachuja majivu kwa maji, na kupata munyu wa kupikia mboga. Humo mna kabonati ya potasiamu kwa wingi.

Lakini tahadhari: magadi si sodiamu. Sodiamu yenyewe ni metali laini inayokatika kwa kisu, na ukiitupa majini hulipuka. Atomi yake ina elektroni 11, na ile ya nje kabisa imeshikwa kwa ulegevu. Ikishaitoa hiyo moja, inakuwa ioni, Na⁺, iliyotulia. Katika magadi na katika chumvi ya mezani mna ioni hizi, si metali. Tofauti ni elektroni moja tu, ila mojawapo huwaka majini na nyingine tunaila kila siku.

Je, ni nini basi kinacholainisha mboga? Si sodiamu wala potasiamu, bali mwenzi wao wa pamoja, kabonati. Ioni hii hunyakua hidrojeni kutoka kwa maji na kuacha ioni ya haidroksidi, ambayo hulegeza kuta za seli za mboga. Ndiyo maana magadi ya ziwani na munyu wa majivu hufanya kazi moja. Kazi hiyo hiyo huharibu vitamini C, na magadi ya maziwa yetu yanaweza kuwa na floridi inayotia madoa meno ya watoto. Kwa hivyo, kidogo kweli kiwe kidogo.

Turudi kwenye lugha. Wapo wanaoandika “sodiamu” na wapo wanaopendelea “natiri”. Sodiamu imekwisha kuzoeleka shuleni na kwenye pakiti za vyakula, wala sioni haja ya kuing’oa. Hata hivyo, naomba mwalimu aitaje natiri walau mara moja, kwa sababu ndiyo inayofungua fumbo la Na. Mwanafunzi anayekariri alama asizozielewa huamini kwamba kemia ni mali ya watu wengine, na wengi huliacha somo kwa sababu hiyo. Akijua kwamba Na ni magadi na K ni majivu, hatazisahau alama hizo, na mtihanini hatababaika akiulizwa kwa nini chumvi hizo mbili hufanana tabia.