DNA Ile Ile, Mkunjo Uliolegea: Kromatini na Kuzeeka kwa Seli

“Huu ni ugonjwa wa ukoo, hakuna la kufanya.” Kauli hii husikika mara nyingi kliniki kutoka kwa wagonjwa wa shinikizo la damu au kisukari. Ina ukweli nusu tu. Twarithi DNA, lakini namna inavyokunjwa ndani ya seli hubadilika maishani.

DNA ya seli moja ikinyooshwa hufikia urefu wa takriban mita 2, ilhali kiini kinachoihifadhi kina upana wa sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Ili itoshee, huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kigurudumu chake. Muungano huo wa DNA na protini ndio kromatini. Palipokazwa, jeni hazisomeki, palipolegea, husomeka. Ndiyo maana seli ya moyo na seli ya ngozi hutofautiana, ingawa zina DNA moja.

Seli inapozeeka, mpangilio huo huvurugika. Sehemu zilizostahili kufungwa hulegea, na baadhi ya jeni zinazohitajika hufungwa. Hata vipande vya DNA vyenye uwezo wa kujinakili, vilivyokuwa vimenyamazishwa, huweza kuamka. Seli huvidhania virusi na kuchochea kinga bila kukoma.

Uzito wa jambo hili huonekana katika projeria ya Hutchinson-Gilford, ugonjwa adimu ulioelezwa na daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson mwaka 1886. Mwaka 2003 ilibainika kwamba chanzo chake ni badiliko la herufi moja katika jeni ya LMNA. Badiliko hilo huzalisha projerini, protini yenye kasoro inayoharibu ukingo wa ndani wa kiini, mahali ambapo kromatini iliyokazwa hushikizwa. Mtoto hupoteza nywele, mishipa yake hukakamaa, na kwa kawaida hufariki katika umri wa ujana kwa maradhi ya moyo au kiharusi. Dawa ya kwanza, lonafanibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Hurefusha maisha, lakini haiponyi.

Kwa watu wengine, mabadiliko ya kromatini huja polepole, na mazingira yana sehemu yake. Utafiti wa mwaka 2005 kuhusu mapacha wa kufanana nchini Hispania ulionyesha kwamba alama za kikemikali zinazoongoza ukunjaji wa DNA hulingana sana utotoni, kisha hutofautiana kadiri umri unavyosonga. Uvutaji wa sigara nao huacha alama zake. Nyingi hufifia miaka kadhaa baada ya mtu kuacha.

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha ujana wa seli za binadamu, hivyo anayeiuza anauza ahadi tupu. Mhudumu wa afya ana jibu bora kwa mgonjwa aliyekata tamaa: herufi za DNA hatuwezi kuzichagua, lakini kuacha sigara na kudhibiti shinikizo la damu bado kumo mikononi mwetu.