Malazi ya Msituni Chini ya Milima ya Udzungwa

Wako watu wengi katika nchi zetu ambao, wakiambiwa kwamba mtu mwenye nyumba njema na kitanda chenye chandarua ameondoka kwa hiari yake akaenda kulala msituni chini ya kitambaa, hawakosi kuuliza amepatwa na nini. Nao hawana lawama katika kuuliza hivyo, kwa sababu wazee wetu walilala mwituni kwa dharura ya safari, ya uwindaji au ya vita, si kwa anasa, na msitu katika hadithi tulizosimuliwa utotoni ni maskani ya mazimwi na ya wanyama wasemao, siyo mahali pa mapumziko. Walakini si kweli kwamba kupiga kambi ni ujuzi tulioletewa na Wazungu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikielekea Tabora na Ujiji katika karne ya kumi na tisa ilijenga kambi kila jioni, na wapagazi wake walijua kuchagua uwanja, kuteka maji na kuinjika sufuria kabla ya jua kuchwa kuliko mtalii yeyote wa leo mwenye vyombo vya thamani. Kilicho kipya ni nia tu, kwamba mtu aende kulala msituni kwa ajili ya msitu wenyewe. Na nia hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa kwa mfano wa mahali pamoja panapoifaa, kwa maoni yangu, kuliko pengine pote nchini Tanzania, napo ni Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa.

Udzungwa ni mwisho, kwa upande wa kusini magharibi, wa mlolongo wa milima uitwao Tao la Mashariki, unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru. Miamba yake ni mikongwe mno, na misitu iliyo juu yake imepata kudumu dahari kwa sababu moja iliyo dhahiri: pepo za Bahari ya Hindi huja zikiwa zimebeba unyevu, zikagonga nyuso za milima zinazoelekea mashariki, zikalazimika kupanda, zikapoa, kisha zikamwaga mvua ambayo mahali pengine hufikia milimita 2,000 kwa mwaka. Hata zama zile ambapo sehemu kubwa za Afrika zilikauka na misitu ya bara ikasinyaa, bahari haikuacha kuinywesha milima hii. Viumbe waliokuwamo wakabaki wametengwa, kila mlima na wake, wakabadilika polepole hata wengine wakawa hawapatikani popote duniani ila pale walipo. Ndiyo maana wataalamu hawajaacha kukuta huko viumbe wasiopata kuandikwa kitabuni: kwale mmoja wa msituni alijulikana kwao mwaka 1991 tu, na sange mkubwa kuliko jamaa zake wote, mwenye uso wa kijivu na pua isiyotulia, aliandikwa mwaka 2008.

Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1992, ikapewa eneo la kilomita za mraba 1,990 katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Msitu wake una sifa adimu, kwamba hupanda bila kukatika kutoka bondeni, kwenye kimo cha mita zipatazo 250 juu ya bahari, hata kwenye vilele vinavyopita mita 2,000, na kilele kirefu kuliko vyote, Luhombero, hupita mita 2,500. Sifa ya pili, ambayo naihesabu kuwa neema, ni kwamba ndani yake hamna barabara za kuzungukia kwa gari. Atakaye kuona na atembee. Tajiri aliyezoea kutazama simba kutoka dirishani mwa gari hana upendeleo wowote hapa juu ya mwanafunzi mwenye viatu vya kuazima.

Kufika si kazi. Mtu akitoka Dar es Salaam hushika barabara ya Morogoro mpaka mji mdogo wa Mikumi, akageuka kusini, akavuka mto Ruaha Mkuu penye Kidatu, akapita katikati ya mashamba ya miwa ya Kilombero yasiyo na mwisho machoni, na milima ikiwa mkono wake wa kuume njia nzima. Kutoka Mikumi hata Mang'ula ni kilomita zipatazo 60. Reli ya TAZARA nayo hupita chini ya milima hiyo hiyo, na Mang'ula ina stesheni yake.

Kambi zenyewe zimo mwanzo wa msitu, karibu na makao makuu ya hifadhi, na asiyezijua huenda akasikitika akizitazama mara ya kwanza, maana hazina cha kutazamwa: uwanja uliofagiliwa chini ya miti mirefu, kijito kinachosikika kabla hakijaonekana, choo na mahali pa kuogea pa kawaida kabisa, na kimya. Huo ndio utajiri wote. Mgeni huja na hema lake, mkeka au godoro jembamba, sufuria, jiko, tochi, unga, mchele, maharage na chumvi, wala asitegemee duka la karibu kwa kila alichosahau, ingawa soko la Mang'ula si mbali na mboga zake ni mbichi. Kabla ya kukita kigingi cha kwanza, ainue macho kwanza, kwa kuwa tawi bovu lililo juu ya hema ni hatari kuliko chui. Kisha ainamishe macho, atafute njia za siafu, kwani jeshi la siafu halina desturi ya kumzunguka mtu aliyelala. Hema lisisimamishwe ukingoni mwa kijito hata kama ukingo unapendeza, kwa sababu mvua inayonyesha juu mlimani, ambayo aliye chini haioni wala haisikii, hushuka usiku na kukiongeza kijito ghafla. Chakula kifungwe au kitiwe garini: nyani na kima hawajui kuomba.

Watu wengine husikia neno mlima wakapakia mablanketi mazito. Chini huku ni joto, tena joto lenye jasho, na baridi utaikuta juu kwenye kambi za njiani. Jambo la kuogopwa bondeni ni mbu. Si bure kwamba taasisi ya utafiti iliyoko Ifakara, mwendo mfupi kuelekea kusini, imepata jina duniani kwa kuchunguza malaria. Bonde la Kilombero na mbu ni marafiki wa tangu kale. Kwa hiyo hema liwe na wavu usiotoboka, na mwenye hadhari hatasahau dawa zake.

Giza huingia upesi chini ya miti, na pamoja na giza huanza mambo yanayowatisha wageni. Sauti ya kwanza huwa kama mlango mkavu unaofunguliwa kwa nguvu, kisha hufuata mlio unaopanda hatua kwa hatua hata ukawa ukelele wa kiumbe anayechinjwa, na jibu lake likatoka upande wa pili wa kijito. Aliyelala peke yake hukaa kitako akashika tochi. Naye anayemtisha ni perere, mnyama wa manyoya asiyemzidi sungura kwa kimo, anayeishi mitini na kula majani, na ambaye kwa nasaba, ajabu ya Mola, ni jamaa wa karibu wa ndovu. Wapo pia komba wenye macho makubwa, na wadudu wasiohesabika. Ndovu wenyewe wamo katika msitu huo, nao ndio sababu ya kanuni kwamba mtu asitembee mbali na kambi usiku, wala njiani mchana bila mwongozaji.

Sasa nifikie habari ya moto, ambayo wengi huipita mbio, ilhali mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha adabu yote ya kambi. Kila mtu apigaye hema hutamani moto mkubwa wa kuni, wa kuotea na kusimulia hadithi. Lakini upande wa pili wa barabara, hatua chache kutoka mpaka wa hifadhi, wanakaa watu wanaopika kwa kuni kila siku ya maisha yao. Hapo zamani wanavijiji hao waliruhusiwa kuingia msituni siku maalumu za juma kuokota kuni kavu, na katika mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Waliokataza walikuwa na hoja, kwamba nyuma ya kuni kavu ziliingia panga na mitego, na kwamba mti uliokufa nao ni nyumba ya viumbe na chakula cha udongo. Waliokatazwa walikuwa na hoja pia, kwamba mafiga hayangoji, na kwamba msitu walioishi nao kabla ya kutangazwa hifadhi umekuwa jirani asiyefungua mlango. Mimi siwezi kuamua daawa hiyo katika makala, na yeyote asemaye kwamba ni nyepesi hajapata kupika kwa kuni za kununua. Ila nasema hili bila kusita: mgeni aliyetoka mjini, mwenye uwezo wa kununua gesi au mkaa, akikusanya matawi ya msitu na kuwasha moto wa fahari ambao mwanga wake unaonekana mpaka kwa mama aliyezuiwa kuokota ukuni mmoja, hana tofauti na mtu anayekula mbele ya mwenye kufunga. Aje na jiko lake. Na akitaka kuota moto, aulize askari wa hifadhi panaporuhusiwa, anunue kuni zilizokuja kwa njia ya halali, awashe moto mdogo, na auzime kwa maji.

Njia za kupanda ni nyingi, na wengi huanza na zile fupi, mathalani ile iendayo kwenye poromoko dogo lililopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi. Lakini iliyo mashuhuri ni ya Sanje, inayoanzia kaskazini ya Mang'ula penye kijiji cha jina hilo, na kumpeleka mtu kwa nusu siku mpaka penye maji yanayoanguka kwa vipande kimo cha mita zipatazo 170. Njiani huonekana mbega wekundu wa Udzungwa, wakiruka makundi kwa makundi, na juu penye genge bonde lote la Kilombero hutandazwa chini, miwa, mpunga na reli. Maji hayo ayaogayo mgeni huteremka bondeni hata yakaingia katika mto Rufiji, na Rufiji ukaingia baharini mkabala wa Mafia. Basi mvuvi wa kule aliyeuza kamba wake sokoni ana deni kwa mvua ya huku, ingawa huenda hajapata kuisikia Udzungwa. Mwenye miguu imara zaidi huomba njia ya Mwanihana, ya siku tatu, ambayo humlaza kambini katikati ya msitu wa ukungu na kumfikisha kileleni penye nyasi na upepo. Kwa njia hiyo huandamana na askari mwenye silaha. Viatu viwe vizito, soksi zivutwe juu ya suruali, hasa wakati wa unyevu, kwa sababu ya ruba. Miezi mizuri ni ya kiangazi, tangu Juni hata Oktoba. Wakati wa masika mawe huteleza na njia nyingine hufungwa.

Viingilio na ijara ya kambi hulipwa langoni, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kulinganisha na atozwacho mgeni wa ng'ambo, jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui na hivyo huona hifadhi kuwa mali ya wengine. Tena msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo haiuzwi langoni, nayo ni kuzungumza na mwongozaji bila mkalimani. Mwaka 1979 wataalamu waliokuja kuchunguza mbega walisikia msituni mlio wasioujua, na mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia kwamba huyo ni ngolaga. Baadaye wakamwona mmoja aliyekuwa akifugwa kijijini Sanje, na hivyo kima mzima, asiyepatikana mahali pengine duniani, akaingia katika vitabu vya elimu, ilhali wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Kwa hiyo atembeaye na kijana aliyezaliwa Mang'ula au Sanje asimtumie kama kibao cha kuonyesha njia. Amwulize mti huu hutibu nini na ule mwingine ulikuwa ukichongwa nini, ndovu walipita lini mara ya mwisho, babu yake aliwinda nini na kwa mtego gani kabla ya mwaka 1992, na je, leo mvua itanyesha. Na jibu la swali hilo la mwisho, hata kama redio imesema vingine, alisadiki na kukaza kamba za hema mapema.