Kabla ya Kambodia, Morogoro

Tangu Guinness ilipomtangaza panya aitwaye Ronin kuwa mshika rekodi ya dunia mwezi Aprili 2025, nimeulizwa swali lilelile na watu wengi hapa Antwerp, wakiwemo Watanzania wenzangu: "Hivi huyo panya ni wa kwenu Morogoro?" Ni wa kwetu. Alisomeshwa Morogoro, akapelekwa Kambodia mwaka 2021, na hadi mapema 2025 alikuwa ameshafichua mabomu ya ardhini 109 na silaha nyingine 15 ambazo hazikulipuka. Kabla yake alitamba Magawa, mtoto mwingine wa Morogoro, ambaye Septemba 2020 alivishwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza linalohudumia wanyama. Alikuwa panya wa kwanza kuipata.

Habari zao karibu zote huanzia kwenye medali. Mimi nitaanzia kwenye chakula, kwa sababu ukijua panyabuku, jamii ya Ronin na Magawa, anakula nini, anakula wakati gani na kutoka mkononi mwa nani, umeshaielewa shule yake.

Bibi yangu mzaa mama alilima Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, na panyabuku walimsumbua kuliko tumbili. Mnyama huyu ana vifuko mashavuni. Anavijaza karanga mpaka uso unatuna, anaenda kuficha akiba yake shimoni, kisha anarudi kuchukua nyingine. Macho yake ni dhaifu. Anachokifanya gizani anakifanya kwa pua. Bibi alikuwa akihamisha mbegu zake kila baada ya siku chache, leo chini ya uvungu, kesho darini, na bado zilifikiwa. "Huyu habahatishi, mjukuu wangu," aliniambia. "Ananusa, anakumbuka, anarudi."

Miaka mingi baadaye nilitambua kwamba katika maneno hayo matatu bibi alikuwa ameeleza kile ambacho Mbelgiji mmoja alikuwa anakitafuta. Bart Weetjens alikuwa amefuga panya tangu utotoni. Katika miaka ya 1990 alikuwa anatafuta njia nafuu ya kuondoa mabomu ya ardhini, njia ambayo nchi maskini zingeweza kuimudu na kuiendesha zenyewe. Mwaka 1997, hapahapa Antwerp, shirika la APOPO likaanzishwa ili kuwafundisha panya kazi hiyo. Mwaka 2000 likahamia Morogoro, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA kama tunavyokiita sote, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Morogoro haikuchaguliwa kwa sababu ya uzuri wa milima yake. Panyabuku yuko kwao pale. SUA ilikuwa na wataalamu wa panya waharibifu wa mazao, na kwa miaka kadhaa watafiti wake walikuwa wameshafanya kazi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp. Na upande wa kusini, ng'ambo ya Ruvuma, kulikuwa na Msumbiji, nchi iliyotoka kwenye vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974 ikaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1992, na ardhi yake ikabaki na mabomu. Uhitaji ulikuwa jirani.

Naongeza hili kwa sababu watu wa mji kasoro bahari tunalisahau: Morogoro imezoea kupokea wageni wa namna hii, wanaofika, wanasoma, wanakula chakula chetu, kisha wanapelekwa mbali. Mazimbu, ambako leo ni kampasi ya SUA, kulikuwa na chuo cha Solomon Mahlangu cha ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilichojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana waliokimbia Afrika Kusini. Walijifunza Morogoro jinsi ya kuijenga nchi ambayo bado hawakuruhusiwa kuikanyaga. Walipoondoka mwaka 1992 walituachia majengo. Simlinganishi mtu na panya. Nasema mji wetu una historia ya kuwaandaa wengine kwa kazi ya ng'ambo, na watu wake wanajua subira inayohitajika.

Turudi darasani. Mtoto wa panyabuku huanza shule akiwa na wiki nne au tano hivi, mara tu baada ya macho kufunguka. Kwanza hafundishwi bomu. Anafundishwa watu. Mkufunzi anambeba, anatembea naye, anamzoesha mlio wa gari, majani yenye umande, sakafu ya saruji, sauti za wapita njia. Mnyama anayeogopa hanusi vizuri.

Kisha kinakuja kidude kidogo cha mkononi kinacholia "tik". Mwanzoni hakuna kazi yoyote: tik, halafu kipande cha ndizi, tik, halafu karanga. Panya akishaelewa kwamba mlio huo maana yake ni chakula, mkufunzi ameshapata lugha. Sasa anaweza kumwambia ndiyo. Hatua inayofuata ni harufu ya TNT, kilipuzi kilichomo kwenye mabomu mengi. Panya akinusa TNT na kusimama hapo, tik na ndizi. Akisimama kwenye harufu nyingine, kimya. Hapigwi wala hakemewi. Anakosa tu ile ndizi.

Siku ya kazi sehemu kubwa ya mlo wa panya hutoka kwenye kazi yenyewe. Ndiyo maana mazoezi hufanyika alfajiri, wakati ana hamu ya kula na jua halijawa kali. Mwisho wa wiki analishwa hadi ashibe. Wapo wanaouliza kama huo si ukatili. Nimelifikiria swali hilo kwa dhati. Naona jibu liko katika uzito wa mnyama na umri wake: panyabuku aliyekomaa anafikisha kilo moja na zaidi, na akiwa katika matunzo anaweza kuishi hadi miaka minane. Mnyama anayeshindishwa njaa hafiki huko.

Uwanjani mambo ni hivi. Wakufunzi wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja kwenye ukingo wa kipande cha ardhi kilichopimwa, na kamba imenyooshwa kati yao. Panya amevaa mkanda kifuani, umeunganishwa na kamba hiyo. Anakwenda kwa mmoja, anarudi kwa mwingine, pua chini, mkia nyuma. Kila akimaliza mstari, wakufunzi wanasogea hatua moja. Masikio na mkia vimepakwa mafuta ya kuzuia jua, kwa sababu huyu ni mnyama wa usiku na ngozi yake haijazoea mwanga. Ghafla anasimama, anarudi nyuma kidogo, anakwaruza udongo kwa miguu ya mbele. Tik. Anageuka na kukimbilia kwa mkufunzi kabla hajaitwa, anasimama kwa miguu ya nyuma, anapokea ndizi kwa mikono miwili.

Chini ya udongo pale pana bomu la kweli lililotolewa kiwashio, kwa hiyo haliwezi kulipuka. Hata kwenye uwanja wa hatari, panya hana uzito wa kulilipua. Na tofauti na mashine ya kutafuta chuma, yeye hashughuliki na misumari, vizibo vya soda na makopo. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi anaweza kulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye mashine anaweza kutumia hadi siku nne, akichimba kila panapolia.

Mafunzo huchukua karibu mwaka mzima, na mwisho wake ni mtihani. Katika mtihani huo mkufunzi naye hajui mabomu yamefukiwa wapi, ili asije akampa panya ishara bila kukusudia, kwa kusita au kwa kukaza kamba. Panya akiacha bomu hata moja, anarudi darasani.

Kuna panya wengine wasiosafiri mbali. Tangu 2007 baadhi yao wamekuwa wakinusa makohozi ya wagonjwa kutoka kliniki za Tanzania kutafuta kifua kikuu, na sampuli wanazozionyesha hupimwa tena kwa hadubini ili kuthibitisha. Hao hupewa uji mzito wa ndizi kupitia bomba la sindano lisilo na sindano. Uji, tofauti na karanga, haufichiki mashavuni.

Waliofaulu mtihani wa mabomu walianzia Msumbiji, nchi ambayo Septemba 2015 ilitangazwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana. Wengine walikwenda Angola. Mwaka huohuo 2015 kundi la kwanza lilifika Siem Reap, Kambodia, nchi ambayo mabomu na masalia ya vita yameua watu wapatao 20,000 tangu 1979. Cheti cha Morogoro hakikutosha huko. Udongo ni mwingine, mvua ni nyingine, mikono inayotoa ndizi ni ya watu wanaozungumza Kikhmer. Kwa hiyo panya wanapumzika, wanazoea, wanafanya mazoezi upya, halafu wanatahiniwa na mamlaka za nchi hiyo kabla ya kuruhusiwa kugusa ardhi ya hatari. Yeyote aliyefika ugenini na vyeti vyake kwenye bahasha ataelewa.

Kinachonichoma ni jinsi habari hizi zinavyoandikwa huku. Anatajwa panya, anatajwa mwanzilishi, inatajwa medali. Mkufunzi Mtanzania anaonekana kwenye picha akiwa amemshika panya begani, na mara nyingi chini ya picha hana jina. Wakati yeye ndiye aliyembeba yule mtoto macho yake yalipofunguka, akaamka saa kumi na moja alfajiri mwaka mzima, akajua nani anapenda parachichi na nani analitema. Baadhi yao wamesafiri hadi ng'ambo kwenda kuwafundisha wenzao jinsi ya kuishika kamba. Hao nao ni diaspora yetu.

Magawa alistaafu Juni 2021. Kabla ya kupumzika kabisa alikaa wiki chache na panya wapya waliofika, ili wazoee mahali. Alikufa Siem Reap Januari 2022, akiwa na miaka minane.

Ukienda likizo nyumbani, omba nafasi ya kutembelea kituo chao pale SUA, na uwahi. Ukifika saa tatu jua limeshapanda na panya wameshalala. Ukifika mapema utakuta kilele cha Lupanga kiko ndani ya wingu, majani yamelowa, na mtu amechuchumaa pembeni ya uwanja akikata ndizi vipande vidogo vidogo, huku panya mchanga akimsubiri kwa miguu miwili.